Mzabibu wa nyumbani: majani tele, zabibu hakuna. Tupogoe vipi, na tupande vipi?

Kivuli cha Jioni
Wakuu salaam. Nimehamia nyumba yenye mzabibu mkubwa uani. Umepanda juu ya chanja la mbao, umelivuka, sasa umeshika hadi mti wa jirani. Majani ni tele na kivuli ni kizuri mno, ila zabibu nilizoziona msimu mzima ni vichala vichache vidogo, tena huko juu kabisa ambako ndege walifika kabla yangu. Aina yake siijui. Maji napiga, mbolea naweka. Wapo wanaoniambia umezeeka, niung'oe nipande mwingine. Je, mzabibu huzeeka ukaacha kuzaa? Na kama dawa ni kupogoa, nakata wapi? Nikisimama chini yake naona msitu tu.

Jembe Halilali
Mkuu, hiyo ni njaa. Zungushia samadi ya kutosha shinani, uone. Wangu niliupa ndoo za kutosha ukachangamka sana.

Mkasi Mkali
Jembe ndugu yangu, kwa hili tutofautiane. Mzabibu uliovuka chanja ukafika kwa jirani hauna njaa hata kidogo. Ukiuongezea samadi sasa utatoa majani zaidi na kivuli zaidi, na zabibu zitapungua hata hizo chache. Kuchangamka ni jambo moja, kuzaa ni jambo jingine.

Kivuli, usiung'oe. Kule Maribor, Slovenia, uko mzabibu wenye zaidi ya miaka 400 na unavunwa mpaka leo. Hampton Court, Uingereza, uko mwingine uliopandwa mwaka 1768, nao unavunwa kila mwaka. Miti yote miwili ina watu wanaoipogoa bila kuruka mwaka. Tofauti yao na wako ni hiyo.

Sasa nieleze kwa nini, maana ukishika sababu hutahitaji kukariri mchoro wowote. Zabibu huzaliwa kwenye chipukizi bichi la msimu huu, lililotoka kwenye jicho (kile kinundu kinachochipua) la tawi la msimu uliopita. Mbao za zamani zaidi ya hapo hazizai zenyewe. Hata machipukizi yanayochomoza ghafla kwenye shina nene, mara nyingi msimu ule wa kwanza huwa matupu. Mzabibu usioguswa unasogeza mbao zake changa mbali na shina mwaka hadi mwaka, na matunda yanazifuata huko huko. Ndiyo maana vichala vyako umeviona juu kabisa.

Kuna la pili ambalo wengi hatuambiwi. Kichala hakianzi kuumbwa siku unapoona maua. Kinaanza ndani ya jicho msimu mzima kabla, wakati jicho lenyewe bado liko kwenye tawi bichi. Jicho hilo likipata mwanga na joto wakati ule, linaumba vichala. Likikaa gizani chini ya majani, mahali pa kichala linaumba vile vikamba vya kujisokotea kwenye waya, kwa sababu kwenye mmea huu vikamba na vichala asili yake ni moja. Kwa hiyo kivuli ulichokisifia ndicho kinachokunyima zabibu za mwakani.

Kivuli cha Jioni
Hii sijawahi kuisikia popote. Kumbe natakiwa kulijali jicho la mwakani leo hii! Sasa nitajuaje tawi lipi ni la msimu uliopita? Kwangu yote yamesokotana.

Mkasi Mkali
Angalia gome. Tawi la msimu uliopita lina gome laini, la kahawia inayong'aa kidogo, halichanuki. La zamani zaidi lina gome jeusi jeusi linalobanduka kwa nyuzi nyuzi ukilivuta kwa kidole. Chukua siku moja kabla ya kukata chochote, utembee chini ya chanja ukigusa matawi na kuyataja: hili changa, hili la zamani. Ukimaliza, msitu utakuwa umeshageuka kuwa mti.

Kisha mti wako usiumalize kwa siku moja. Uchukue misimu miwili.

Msimu wa kwanza, toa kila kilichokufa (ukikwaruza gome ndani pakavu, pa kahawia, hicho kimekufa). Toa kilichovuka kwenda kwa jirani. Halafu tafuta karibu na shina, chini kadiri iwezekanavyo, machipukizi imara 2 au 3 yaliyojitokeza. Hayo ndiyo mti wako mpya, usiyakate. Yafunge kwenye nguzo yapande wima. Huko juu bakiza fimbo chache nzuri za msimu uliopita, zile zenye unene wa penseli zilizopata jua, ili usikae bila zabibu kabisa.

Msimu wa pili, lile chipukizi lililoshika vizuri linakuwa shina au mkono mpya, na wa zamani unautoa kwa msumeno. Mizizi mikubwa iliyopo itausukuma mti mpya kwa nguvu ambayo mche wa dukani hauna.

Angalizo moja: kama mzabibu ulibebeshwa, yaani shina la juu ni aina moja na mizizi ni ya aina nyingine, kuna kovu au uvimbe karibu na ardhi. Chipukizi lililotoka chini ya uvimbe huo ni la mizizi, ling'oe. Chukua la juu yake.

Msomaji Kimya
Nimefuatilia kimya, sasa naomba niulize. Wangu nimeufundisha vizuri tangu mwanzo: shina moja, mikono miwili juu ya waya. Kila nikishika mkasi nasita. Nimesoma mahali kwamba inatakiwa kutoa hata sehemu 9 kati ya 10 za matawi ya msimu uliopita. Hiyo kweli? Na safari iliyopita nilikata tawi likawa linachuruzika maji siku kadhaa, nikaogopa mti unakufa.

Mkasi Mkali
Ni kweli, hata 9 kati ya 10. Ukimaliza kupogoa, mtu asiyejua akipita anatakiwa kuuliza kama umeuadhibu mti. Ukibakiza macho yote, yote yatachipua, kila chipukizi litabeba vichala vyake, na mti hautakuwa na majani ya kuvilisha vyote. Utapata zabibu nyingi, ndogo, chachu, na fimbo dhaifu za mwaka unaofuata.

Mti wenye mikono miwili ya kudumu kama wako unapogolewa kwa vijiti: kila tawi la msimu uliopita lililoota juu ya mkono unalikata ubakize macho 2. Kijiti kimoja mpaka kingine, nafasi ya sentimita 10 hadi 15. Vilivyosongamana unavitoa kabisa. Mwaka unaofuata kila kijiti kitakuwa na matawi mawili: la juu unalikata pamoja na kipande kilicholibeba, la chini unalibakizia macho 2. Hivyo kijiti hakipandi juu mwaka hadi mwaka.

Njia nyingine ni ya fimbo ndefu: unabakiza matawi machache ya msimu uliopita yenye macho 8 hadi 15 kila moja, unayalaza kwenye waya, na pembeni ya kila moja unaacha kijiti cha macho 2 cha kuzalisha fimbo ya mwakani. Kuna aina zinazodai njia hii. Sultana, ile isiyo na mbegu ambayo Marekani wanaiita Thompson Seedless, macho yake ya karibu na shina huwa na vichala vichache sana. Ukiipogoa kwa macho 2 unakuwa umetupa zabibu zote kwenye rundo la kuchomwa, na utabaki kulaumu mti.

Kivuli, wewe usiyejua aina yako, changanya mwaka wa kwanza: vijiti vifupi upande mmoja, fimbo ndefu upande mwingine. Zikichipua, angalia vichala vinatoka jicho la ngapi. Mti wenyewe utakujibu.

Kuhusu maji yanayochuruzika, usihofu. Ni maji yanayosukumwa na mizizi kabla majani hayajatoka, yana chumvichumvi kidogo tu. Hayaui. Usipake rangi wala udongo. Kata mshazari kidogo, mteremko uelekee upande usio na jicho, ili matone yasililowanishe.

Bibi wa Chanja
Wanangu, mmeongea vizuri, ila mnaongea kama watu wote wana majira ya baridi. Wengine tunaishi kwenye joto mwaka mzima. Kwetu mzabibu haupukutishi majani wenyewe ukalala; unabaki wa kijani tu, unatoa kichala kimoja leo na kingine baada ya miezi, na haueleweki. Kwetu mkasi ndio majira.

Mahali penye baridi kali, kata mti ukiwa umelala, na ni afadhali ukachelewa kuliko kuwahi. Ukipogoa mapema macho yanawahi kuamka, na baridi ya mwisho inayaunguza.

Mahali pasipo na baridi unaupumzisha mwenyewe. Punguza maji wiki kadhaa baada ya kuvuna, acha matawi yakomae yawe ya kahawia, kisha pogoa mti wote kwa siku moja na uanze kumwagilia. Usipogoe kidogo leo na kidogo mwezi ujao. Mti utakuwa na umri tofauti kila upande, na magonjwa hayatakosa majani machanga ya kushambulia. Macho yataamka ndani ya wiki mbili tatu, maua yatafuata, na kutoka siku ya mkasi mpaka kuvuna hesabu kati ya miezi 3 na nusu na 5 kutegemea aina. Sasa hesabu kinyumenyume: tafuta miezi yenu mikavu zaidi, weka uvunaji humo, rudi nyuma, ndiyo siku ya kupogoa. Mvua ikizikuta zabibu zinaiva, zinapasuka na kuoza.

Wakulima wa Maharashtra, India, hupogoa mara 2 lakini huvuna mara 1. Mwezi wa Aprili wanakata ili kupata matawi mapya yenye macho mazuri, Oktoba wanakata ili kupata zabibu. Kwenye bonde la mto São Francisco, Brazili, wao huvuna mara 2 kwa mwaka mti ule ule. Mti wa nyumbani nashauri uufanyie hesabu ya India kwanza. Mavuno 2 kwa mwaka yanadai maji, mbolea na dawa ambavyo wengi wetu hatuna nafasi ya kuvifuatilia, na mti unachakaa.

Msomaji Kimya
Asante sana mama. Hilo la kuhesabu kinyumenyume nimeliandika ukutani.

Mche Mmoja
Mimi naanzia sifuri. Nina mbegu nilizotoa kwenye zabibu tamu sana. Nizioteshe?

Bibi wa Chanja
Zinaota, mwanangu, lakini hutapata zabibu ile. Kila mbegu ya zabibu ni mtoto mwenye sura yake. Mara nyingi anatoka na tunda dogo, chachu, na unasubiri miaka kumjua. Chukua kipandikizi. Kata fimbo ya msimu uliopita iliyokomaa, nene kama penseli, urefu wa sentimita 30 hadi 40, yenye macho 3 au 4. Chini kata moja kwa moja, chini kidogo ya jicho, maana mizizi hupenda kutokea hapo. Juu kata mshazari, sentimita 2 au 3 juu ya jicho. Huo mshazari unakusaidia usipande kichwa chini; kipandikizi kilichogeuzwa ni taabu tupu. Zika ili jicho 1 au 2 vibaki juu, kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, pawe na unyevu usiotuama. Kitatoa majani kabla ya mizizi, kwa hiyo usikivute kuangalia kama kimeshika.

Na usitafute dume na jike. Zabibu nyingi za kula maua yake yana vyote viwili, mti mmoja unajitosheleza.

Kuhusu mahali: jua, jua, jua. Angalau muda wa saa 7 au 8 kwa siku. Udongo si lazima uwe na rutuba kubwa, ila usituamishe maji. Chimba shimo, jaza maji, uone; yakiwa bado yamo kesho yake, tafuta pengine au pandisha tuta. Mti hadi mti acha mita 1 na nusu hadi 2 na nusu.

Mkasi Mkali
Niongeze la miaka ya mwanzo. Mwaka wa kwanza chipukizi moja tu, limefungwa wima kwenye mti wa kuegemea. Likifika kwenye waya kata ncha, bakiza machipukizi 2 ya juu kabisa, moja kushoto moja kulia, hayo ndiyo mikono. Vichala vikitokea mwaka wa kwanza na wa pili vitoe vikiwa vidogo. Najua inauma. Lakini mti mchanga ukizaa unasimamisha mizizi yake, na utakaa na mti mdumavu kwa miaka. Mwaka wa 3 ndio uonje.

Nguzo na waya viwekwe kabla au siku ile ile ya kupanda. Mzabibu uliojaa zabibu na majani mabichi ni mzito kuliko watu wanavyokadiria, na upepo unauchukua wote kwa pamoja.

Jembe Halilali
Nimekubali lile la samadi, ila nina swali. Miche iliyobebeshwa ina faida gani kwa mtu wa nyumbani? Naona bei iko juu ya kipandikizi cha kawaida.

Mkasi Mkali
Inategemea udongo wako una nini. Miaka ya 1860 mdudu mdogo sana aitwaye filoksera aliingia Ufaransa kutoka Amerika Kaskazini, akala mizizi ya mizabibu mpaka mashamba makubwa yakafa. Mizabibu ya asili ya Amerika ilikuwa imeishi naye muda mrefu na mizizi yake inamvumilia. Suluhisho likawa kubebesha zabibu za Ulaya juu ya mizizi ya Kiamerika, na mpaka leo sehemu kubwa ya mizabibu duniani imesimama hivyo. Mdudu huyo hapendi mchanga mtupu. Kama eneo lenu hayupo, na hakuna minyoo ya mizizi inayosumbua mimea mingine, kipandikizi chenye mizizi yake kinatosha. Tena kina faida: kikikatika hadi chini, kinachochipua ni aina ile ile.

Ukipanda uliobebeshwa, lile kovu libaki juu ya udongo. Ukilizika, shina la juu litatoa mizizi yake na utakuwa umelipia kitu ambacho hukipati.

Ghorofa ya Tatu
Sisi wa roshani mnatuachaje? Nina jua la mchana lakini ardhi sina.

Bibi wa Chanja
Panda kwenye chombo cha lita 40 hadi 60, chenye matundu ya kutosha chini. Bakiza shina moja fupi na vijiti vichache, usitamani chanja. Chombo hukauka haraka, kwa hiyo siku za joto utamwagilia kila siku, na mbolea utaweka kidogo kidogo mara nyingi kwa kuwa maji yanaiosha. Kila baada ya miaka michache, mti ukiwa umelala au umepogolewa, utoe, punguza mizizi ya pembeni, weka udongo mpya. Vichala 4 au 5 vizuri kwenye chombo ni mavuno ya kuheshimika.

Asubuhi Njema
Naomba msaada haraka. Majani yangu yana unga mweupe, na zabibu changa nazo zimepakwa huo unga, nyingine zinapasuka zikiwa bado ngumu. Mvua haijanyesha muda mrefu, kwa hiyo ukungu umetoka wapi?

Majani Safi
Dada, huo ni ubwiri unga, na tofauti na ukungu mwingi hauhitaji jani lililolowa. Hewa iliyotulia, kivuli na joto la wastani vinautosha. Ganda la zabibu iliyoshikwa linaacha kukua huku ndani panaendelea kujaa, ndiyo maana zinapasuka. Zilizopasuka na zilizofunikwa unga zitoe, hazitapona.

Kwa zilizobaki tumia salfa, ya kupuliza na maji au ya unga, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Piga asubuhi au jioni. Joto likizidi nyuzi 30 na kitu salfa huunguza majani, subiri ipungue. Usipige karibu na dawa za mafuta. Acha wiki 2 katikati. Na baadhi ya aina zenye damu ya Kiamerika, kama Concord, zinaunguzwa na salfa hata kukiwa na baridi, kwa hiyo jaribu tawi moja kwanza.

La muhimu zaidi ni wakati. Zabibu hushikwa kirahisi tangu maua mpaka wiki 3 au 4 baadaye, kisha huwa sugu. Msimu ujao anza salfa machipukizi yakiwa mafupi, usingoje kuuona unga. Ukishaonekana umeshachelewa.

Asubuhi Njema
Asante. Nimesikia pia habari za maziwa yaliyochanganywa na maji. Yanasaidia? Na rafiki yangu ana madoa ya njano, si unga.

Majani Safi
Maziwa husaidia kama kinga, sehemu 1 kwa 9 za maji, yapigwe siku ya jua na yarudiwe mara kwa mara. Kwa hali uliyoeleza hayatoshi.

Rafiki yako ageuze jani. Doa la njano lenye mwonekano wa mafuta juu, na manyoya meupe chini yake, ni ubwiri vinyoya. Huu ndio unaopenda maji. Dawa yake ya zamani ni shaba. Wakulima wa Médoc, Ufaransa, walikuwa wakipaka mchanganyiko wa mrututu (chumvi ya shaba) na chokaa kwenye mizabibu ya kando ya njia ili wapita njia wasiibe zabibu. Profesa Millardet akaona mizabibu hiyo imebaki na majani wakati ya ndani imepukutika, akafanya majaribio na kuyachapisha mwaka 1885. Mchanganyiko huo unatumika hadi leo. Ila shaba hukinga, haiponyi, na hailiwi na udongo. Inajikusanya mwaka hadi mwaka na kuua minyoo ya ardhini. Itumie kwa uchache. Kinachoshinda dawa zote mbili ni upepo kupita katikati ya majani, na maji kuwekwa shinani, kamwe yasirushwe juu ya majani jioni.

Jembe Halilali
Hapo kwenye upepo nakubali. Mimi huyatoa majani yote yanayozunguka vichala, jua lipige moja kwa moja, ziive haraka.

Majani Safi
Yote hapana, kaka. Sukari ya zabibu inatengenezwa na jani, haitengenezwi na jua kupiga tunda. Toa majani machache upande unaopata jua la asubuhi, mara tu zabibu zinapotunga, ili ziuzoee mwanga zikiwa changa. Upande wa jua la alasiri acha. Ukizivua nguo ghafla zikiwa zimenenepa, zinaungua, zinakuwa za kahawia na kusinyaa. Kwa mti wenye mwanga mzuri, jani 1 hadi 2 kwa unene linatosha: ukisimama mbele ya ukuta wa majani uone vipande vya mwanga vikipenya.

Kivuli cha Jioni
Jamani ninasoma kila kitu. Swali dogo: kwa nini zabibu za nyumbani zisizo na mbegu huwa ndogo kuliko za sokoni? Kuna jirani ana aina hiyo, tamu lakini ndogo ndogo.

Mkasi Mkali
Mbegu inapokua ndani ya tunda hutoa homoni inayolinenepesha. Isiyo na mbegu inakosa msukumo huo, kwa hiyo wakulima wakubwa hupulizia jibereliki, homoni hiyo hiyo iliyotengenezwa kiwandani, na wengine hubandua pete nyembamba ya gome kuzunguka shina ili chakula kisishuke mizizini. Nyumbani sioni haja. Punguza vichala ubakize kimoja kwa kila chipukizi, kata ncha ya chini ya kichala kikiwa kichanga, na zitakazobaki zitanenepa za kutosha. Utamu alionao jirani ndio tunaoutafuta.

Mche Mmoja
Mzabibu wa shangazi umeniogopesha. Majani mapya yametoka membamba, yamejikunja kama feni, mishipa imesogeleana. Hana unga wala doa. Ni ugonjwa gani?

Majani Safi
Uliza kama kuna mtu karibu amepiga dawa ya kuua magugu ya majani mapana, hasa zenye 2,4-D. Mzabibu ni miongoni mwa mimea inayodhurika haraka zaidi na dawa hiyo. Mvuke uliobebwa na upepo kutoka uwanja mwingine unatosha. Kama ni kidogo, majani yatakayofuata yatatoka sawa, asikate chochote, amwagilie tu. Ongeeni na majirani mapema, wapige siku isiyo na upepo wala joto kali, au watumie jembe karibu na mizabibu. Kama hakuna aliyepiga dawa, na sura hiyo inarudi mwaka hadi mwaka, basi inaweza kuwa kirusi, na hicho hakitibiki. Asitoe vipandikizi kwenye mti huo.

Msomaji Kimya
La kwangu la mwisho. Zabibu zimebadilika rangi wiki iliyopita. Ndege wameanza kuja. Nivune ziivie ndani?

Bibi wa Chanja
Usithubutu, mwanangu. Zabibu haiivi ikishakatwa. Si embe. Ilivyo siku ya mkasi ndivyo itakavyobaki, halafu itasinyaa. Rangi hutangulia utamu kwa wiki kadhaa. Onja ya chini kabisa ya kichala, huwa ya mwisho kuiva. Angalia mbegu zimekuwa za kahawia, na kikonyo kimeanza kukauka rangi. Kati ya sasa na siku hiyo punguza maji, lakini usiuache ukauke kabisa kisha uumwagilie kwa wingi. Zitapasuka usiku mmoja.

Kwa ndege, funika kila kichala kwa mfuko wa karatasi, ufunge juu na utoboe pembe za chini maji yatoke. Msimu ujao ifunge mapema, zabibu zikiwa na ukubwa wa njegere. Wavu nao ni mzuri, ila uukaze hadi chini kabisa ndege wasiingie wakanaswa.

Ghorofa ya Tatu
Na zilizoanguka chini? Nina mbwa, anapenda kuokota kila kitu.

Majani Safi
Okota kila siku, na umzuie asifike chini ya mti. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuharibu figo za mbwa, na kiasi kinachodhuru hakitabiriki; mmoja anakula nyingi asidhurike, mwingine anakula chache anaugua. Akila, mpeleke kwa daktari wa mifugo papo hapo, usingoje atapike. Na matawi mabichi uliyoyapogoa yenye vichala usiyarundike mahali anapolala.